Kijiko cha Kibaoni

Mara ya tatu makao makuu walipotuletea sili za mashine zisizoingia, mzee Kelestini aliziweka juu ya meza yangu, akavua kofia, akaketi juu ya gunia la misumari na kutazama ukuta. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema mengi, na mengine siyaandiki hapa kwa sababu mama yangu bado yu hai na anajua kusoma.

Ilikuwa Mei ya mwaka 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimekatika, lakini maji yalikuwa hayajaondoka. Mlabani, nyumbani kwa mama, yalikuwa yamesimama uani wiki ya saba sasa. Choo kilikuwa kimejaa, kuku walikuwa wamehamia juu ya paa la jiko, na kila jioni nilivua viatu barabarani na kuingia ndani na sketi nimeikunja hadi magotini. Mfereji mkubwa uliokuwa ukipeleka maji mtoni ulikuwa umejaa tope na matete, na kuuzibua kwa majembe kungechukua mwaka.

Mashine ya kuuzibua ilikuwepo, na hilo ndilo lililoniuma. Ilikuwa imesimama kwenye yadi yetu ya Kibaoni, hatua thelathini kutoka mezani kwangu. Injini yake iliwaka, gia ziliingia. Tatizo lilikuwa jeki kubwa ya mkono wa nyuma. Sili zake, yale mabangili ya mpira yanayozuia oili isivuje, zilikuwa zimekatika vipande vipande. Ukijaribu kuinua mkono, oili yote inamwagika chini na mkono unabaki umelala. Mashine ya tani kadhaa ilikuwa imelazwa na mipira ambayo ingeenea kwenye sahani ya chai.

Mimi, Agnetha Libaba, nilikuwa mtunza stoo na mpiga chapa wa mradi wa mifereji. Kelestini Likangaga ndiye aliyeendesha mashine na kuitengeneza. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, wa upande wa Mahenge, asiyekunywa na asiyekosa misa. Jambo moja tu lilimtoa kwenye upole wake: kusikia mashine ikiitwa katapila. Na Ifakara nzima iliiita katapila, kama ilivyoita katapila chuma chochote chenye kelele.

“Katapila ni lile la minyororo, la kusukuma udongo,” alikuwa akiwaambia hata watu waliokuja yadi kuomba maji ya kunywa. “Greda lina kisu tumboni. Hiki ni kijiko. Mbele kina bakuli la kuzoa, nyuma kina mkono wa kuchimba, na katikati anakaa mtu anayejua anachofanya.”

Watu waliitikia, wakanywa maji, wakaondoka wakisema katapila la Kibaoni ni bovu.

Lakini kijiko cha nani? Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia. Kile kibati cha kiwandani chenye jina na namba kilikuwa kimeng'olewa zamani, zikabaki tundu nne za misumari. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi hadi maandishi yote yakapotea. Kelestini alishikilia kwamba ni JCB. Wakati bwawa la Kidatu linajengwa, yeye akiwa kijana, aliendesha JCB kwa miaka miwili, na hakuna alichowahi kukipenda vile tangu wakati huo. Alinipeleka mara nyingi nyuma ya mashine kunionyesha sababu zake, nikiwa na kazi zangu mezani. Miguu ya kuiegemeza, alisema, inashuka wima, haitanuki kama ya chura. Na mkono wote, kuanzia shinani, unateleza kushoto na kulia juu ya reli, kama droo ya kabati, ili uweze kuchimba ukiwa umebanana na ukuta. Alikuwa akiipapasa ile reli kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Injinia Faustino alikuwa na maoni mengine. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, ametoka Morogoro miezi sita tu iliyopita, na alikuwa na faili. Faili lilisema Ford, mwaka wa kuingia 1978. Alimwomba Kelestini awashe injini, akasimama kando na kuhesabu kwa kidole. Ilikuwa na pistoni tatu, na mlio wake ulichechemea kama mtu anayetwanga kwa mchi akiruka pigo moja. Huo ni mlio wa Ford, alisema, na hapo alisema kweli. Kelestini akajibu kwamba injini ilibadilishwa. Injinia akajibu kwamba kama ingebadilishwa, faili lingesema. Kuhusu miguu na reli alisema viwanda huigana.

Basi tuliagiza sili za Ford. Zikaja baada ya wiki tatu, kubwa kuliko jeki. Kelestini akachukua futi, akapima jeki ndani na nje, nami nikapiga chapa vipimo vile. Makao makuu, Morogoro, wakajibu kwamba Ford ya namba iliyo kwenye faili haina jeki ya vipimo hivyo, kwa hiyo fundi wetu amekosea kupima. Wakatuma sili zilezile. Safari ya tatu nilimshawishi Injinia tuandike kwamba mashine ni JCB, hata kama haamini, tuone itakuwaje. Makao makuu wakajibu kwamba mradi haumiliki JCB yoyote. Pamoja na barua, ili kutusaidia, walikuwa wamefunga sili za Ford.

Ndizo hizo zilizokuwa juu ya meza yangu.

Baada ya kusema yote niliyoyasema, niliingia stoo ya nyuma na kuanza kutoa makaratasi ya zamani. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kushika kitu na kukitupa. Kati ya mafaili yaliyoliwa na mchwa nikakuta daftari la grisi la miaka ya themanini. Kila Jumatatu mtu alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa duara kama wa mwanafunzi, grisi aliyochukua na alikoipaka. Kulikuwa na mstari mmoja wa “mbele” na mwingine wa “mkono”. Hadi mwaka 1981 mkono ulipakwa sehemu kumi na moja, kisha mstari wake ukaachwa wazi. Katikati ya mwaka 1983 sehemu zikawa kumi na sita, na zikabaki kumi na sita hadi daftari lilipoisha. Sahihi ilikuwa moja tu, ukurasa kwa ukurasa: Nyamizi V.

Nikamwuliza Kelestini huyu Nyamizi ni nani. Yeye aliingia mradini mwaka 1989. Akasema hajui, labda karani. Nikamwuliza mkono unaweza vipi kuongeza sehemu za grisi. Akasema karani hakujua kuhesabu.

Nilitafuta orodha ya wafanyakazi wa zamani. Nyamizi Valeriani, mpakaji grisi, mkewe Valeriani, mwendeshaji mitambo. Makazi baada ya kuacha kazi: Malinyi. Nilipompelekea Injinia akasema hawezi kutoa gari kwa ajili ya mpakaji grisi wa mwaka 1983. Kelestini naye alisema haoni faida. Hao wawili hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa hilo.

Niliomba ruhusa ya siku tatu ili nimuuguze mama, jambo ambalo halikuwa uongo mtupu, maana miguu yake ilikuwa imeanza kubabuka kwa maji. Kelestini aliposikia ninakwenda peke yangu alikuja stendi amevaa koti lake la kanisani, amenuna. Alisema hawezi kuacha mtoto wa kike avuke mto katika hali ile. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Tulivuka Kilombero kwa pantoni, tukapanda lori lililokwenda kuchukua mchele, likakwama Lupiro, likakwama tena mbele yake. Mara zote mbili Kelestini alishuka na kuwaeleza wenzake waliokuwa wakisukuma kwamba kijiko kingelitoa kwa dakika tano. Tulifika Malinyi kesho yake mchana, tukiwa na tope hadi kwenye nyusi.

Nyamizi alikuwa anaanika mpunga kwenye mkeka mbele ya nyumba yake. Alikuwa mama mnene, mwenye mikono mikubwa, Mnyamwezi wa Tabora aliyefuata mume huku bondeni na hakurudi tena. Nilimwamkia, akaitikia, akatuletea maji ya kunawa kabla ya kutuuliza tumetoka wapi. Mumewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Alitusikiliza hadi mwisho huku akigeuza mpunga kwa mguu, mistari mirefu iliyonyooka.

“Mmeuliza wanaume wangapi kabla ya kufika kwangu?” akasema.

Kelestini akasafisha koo. Alisema hatukuwa tumeuliza mtu yeyote.

“Basi ndiyo sababu sili haziingii,” akasema Nyamizi.

Hakutuambia kitu kingine siku ile. Alisema mashine haielezwi kwa maneno uani kwa mtu, na kwamba mpunga wake unahitaji jua la siku mbili zaidi. Akatupa ugali na kambale, akatulaza. Kesho yake tukarudi Ifakara mikono mitupu. Njia nzima Kelestini alirudia kwamba tumepoteza muda, nami nikamwomba anyamaze walau hadi pantoni.

Nyamizi alikuja baada ya siku nne, peke yake, akiwa na kikapu. Aliingia getini, akatusalimu wote, akaenda moja kwa moja kwenye mashine kana kwamba aliiacha jana. Aliizunguka mara moja bila kuigusa. Kisha akaniomba wembe, mafuta ya taa na kitambaa.

Injinia alikuja kusimama nasi, mikono nyuma. Nyamizi alichagua mahali penye kivuli karibu na bakuli la mbele, akamenya rangi kwa wembe polepole, kama mtu anayemenya ngozi ya kitunguu. Rangi zilikuwa nne. Akaenda nyuma, chini ya shina la mkono, akamenya tena. Zilikuwa sita, na ya chini kabisa ilikuwa njano nyingine, si ya mbele.

“Hesabuni wenyewe,” akasema. “Mtu na ndugu yake hawapishani hivyo.”

Kisha akalala chali kwenye vumbi, akaingia chini ya mashine, akatuita. Injinia alisita kwa sababu ya suruali, halafu akalala. Kelestini alilala upande wa pili. Mimi nilichungulia. Nyamizi alifuta tope na grisi kavu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na pale, nyuma tu ya magurudumu makubwa, ukaonekana ubao wa chuma mnene kama biblia, umefungwa kwa nati kubwa upande wa mbele na kuchomelewa upande wa nyuma. Uchomeleaji wake ulikuwa safi, mstari mmoja usiopinda, umesuguliwa hadi mkono haukuuhisi.

Alituhadithia akiwa bado chini pale. Mashine ilikuja ikiwa Ford nzima. Mwaka 1981 mkono wake ulivunjika mferejini, shinani kabisa, ukawa haufai. Walisubiri spea miaka miwili. Ndipo mumewe aliposikia kwamba Kidatu kuna JCB iliyoungua injini, imebaki skrepa, lakini mkono wake ni mzima. Waliuleta kwa lori pamoja na miguu yake, reli yake na jeki zake zote. Valeriani alipima wiki nzima kabla ya kukata kitu. Kazi ilichukua wiki kumi na moja. Nyamizi alishika taa, alishika vyuma, alipaka grisi sehemu mpya tano ambazo mkono wa zamani haukuwa nazo. Ilipokwisha, bosi wa wakati ule alikataa isiandikwe popote, kwa sababu kuunganisha mashine ya serikali bila kibali kungempa matatizo. Akaagiza ipakwe rangi moja. Kibati kiling'olewa siku hiyohiyo.

“Mume wangu alitaka iandikwe,” alisema. “Hakutaka sifa. Alisema siku moja sili zitakwisha.”

Nilimwona Kelestini amenyoosha mkono, anapitisha kidole kwenye ule mstari wa kuchomelea, mara mbili, mara tatu. Miaka tisa alikuwa ameipaka grisi mashine ile na kupita inchi mbili kutoka hapo. Nilidhani atasema neno la heshima kwa marehemu.

Injinia ndiye aliyetangulia. “Kwa hiyo faili lilikuwa sahihi,” alisema. “Ni Ford.”

“Nilichokuwa nikisema mimi ni mkono,” akajibu Kelestini. “Na mkono ni JCB.”

“Wewe ulisema mashine.”

“Na wewe ulisema nimekosea kupima.”

Waliendelea, wamelala chali wote wawili, mama wa watu akiwa katikati yao. Nyamizi alitoka chini taratibu, akajipangusa, akanitazama, akaniuliza kama yadi bado ina chai.

Ungetegemea kwamba hapo mambo yaliisha. Hayakuisha. Injinia alikubali kwamba jeki ni ya JCB, lakini hakuweza kutia sahihi ombi la sili za JCB, kwa sababu mradi haumiliki JCB. Akafikiria kuomba faili lirekebishwe. Kurekebisha faili kulihitaji kamati, na kamati ilihitaji maelezo ya nani aliyeunganisha mashine bila kibali. Kelestini alisema waandike tu ukweli. Injinia alisema ukweli una fomu yake. Yote hayo yalisemwa mezani kwangu, juu ya taipureta yangu, siku ambayo mama alikuwa amenipigia hodi kazini kuniambia ukuta mmoja wa jiko umelala.

Nikawaambia watoke nje wote wawili. Injinia hakuzoea kutolewa ofisini na mtunza stoo, lakini alitoka.

Nilikaa na Nyamizi. Nikamwuliza ule mkono, ukiwa peke yake, unaitwaje. Akasema ni mkono wa kuchimba, kifaa, kama vile jembe la ng'ombe linavyofungwa kwenye trekta lolote. Basi nikafungua rejista ya vifaa vya stoo, ile yenye koleo, toroli na pampu, ambayo ni yangu na haihitaji kamati. Nikaandika: mkono wa kuchimba, JCB, mmoja, ulipatikana Kidatu 1983, hali nzuri, jeki inavuja. Nikaupa namba. Nikapiga chapa ombi la sili za kifaa chenye namba hiyo, pamoja na vipimo vya Kelestini kama alivyovipima mwanzo. Halikutaja mashine hata mara moja. Injinia alilisoma amesimama mlangoni, akalirudia, akatia sahihi bila kunitazama.

Sili zilifika siku ya kumi na tisa. Kelestini alizipaka oili, akazisukuma kwa vidole viwili, zikaingia. Aliketi chini palepale na kufuta uso.

Mfereji wa Mlabani ulichimbwa kwa siku sita. Nyamizi alikuwa amekataa kuondoka kabla hajaona kazi, na kila asubuhi alipaka grisi sehemu zote kumi na sita mwenyewe, akimkatalia Kelestini asiguse bomba la grisi. Siku ya kwanza watu walijaa ukingoni. Mimi niliyekuwa nimechoka kusikia habari za ile reli niliiona sasa ikifanya kazi. Kelestini alifika penye ukuta wa nyumba, pahali ambapo jembe tu lingepita, akateleza mkono wote kando, akaushusha, akakwangua tope sambamba na msingi bila kugusa tofali hata moja. Mkono ulinyooka, ukajikunja, ukainuka umejaa matete na maji yanachuruzika, ukageuka na kumwaga upande wa pili. Injini ilichechemea kwa pistoni zake tatu. Injinia Faustino alikuwa amesimama tope hadi kwenye viatu. Baada ya kutazama kwa muda mrefu alimsogelea Nyamizi na kumwuliza marehemu alijuaje kwamba ubao mmoja utabeba uzito wote ule. Nyamizi akaanza kumchorea kwa kijiti chini. Walichora hadi saa ya chakula.

Siku ya tano maji yalianza kuondoka uani kwa mama. Yaliacha tope, viatu visivyo na wenzake, na harufu ambayo siwezi kuieleza. Mama alisema kuku hawataki kushuka.

Nyamizi alirudi Malinyi wiki iliyofuata. Injinia alimpeleka hadi pantoni kwa gari la mradi.

Kelestini ndiye aliyebaki na jambo. Aliposikia kwamba mkono ulitoka Kidatu, alishikwa na wazo kwamba huenda ni uleule aliouendesha ujanani. Mwaka 1974 aliwahi kuuchomelea kiraka cha ukubwa wa kiganja karibu na bakuli la kuchimbia. Jumapili moja baada ya misa alikuja yadi na wembe na mafuta ya taa, akaanza kumenya. Jumapili ya pili akaleta brashi ya waya. Nilipokwenda kumtazama, mkono mzima ulikuwa umebaki chuma kitupu kutoka shinani hadi kwenye meno, na hakukuwa na kiraka. Kulikuwa na mikwaruzo, kutu kidogo, na mtu mzima aliyevunjika moyo ameketi juu ya gurudumu.

“Kidatu JCB zilikuwepo tatu,” alisema. “Huu utakuwa wa zile nyingine.”

Nilimwambia ni mkono mzuri, wa nani basi haidhuru. Akakubali, lakini si mara moja. Halafu akanionyesha anga. Upande wa milima ya Udzungwa kulikuwa na wingu, chuma kilikuwa kitupu, na stoo, kama nilivyojua kuliko mtu mwingine yeyote, haikuwa na rangi hata kopo moja.

Nikarudi ofisini, nikafunua taipureta, nikaanza barua nyingine kwenda Morogoro.